Baina ya HU na TA: Juu ya Kumtabiria Mtoto Mgonjwa

Wazee wetu husema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Kwa methali hiyo huwakumbusha vijana kwamba mambo makubwa hayaji bila ishara, na kwamba mwenye busara huzisoma ishara mapema. Lakini kila mkulima aujuaye msimu wake atakubali pia kwamba si kila wingu hunyesha. Wingu huja likatanda, watu wakaanua nguo, kisha upepo ukalipeleka kwingine. Swali la kimaadili ninalokusudia kulijadili katika makala haya limo humo, baina ya wingu na mvua: mtu aliyeliona wingu juu ya nyumba ya jirani yake ana haki gani ya kumwambia kwamba atalowa?

Wingu ninalolizungumzia ni alama zinazosomwa ndani ya jeni za watoto wenye saratani ya mifupa au ya nyama laini za mwili. Siku hizi madaktari wa hospitali kubwa hukata kipande kidogo cha uvimbe, wakakipima, kisha wakataja jina la ugonjwa pamoja na jinsi unavyotazamiwa kuendelea. Huenda msomaji akauliza: hayo yanamhusu nini mwalimu wa Kiswahili? Yanamhusu sana. Katika nchi zetu, kuanzia Uganda hadi Burundi na mashariki ya Kongo, mara nyingi daktari na mzazi hawana lugha ya mama moja, nao hukutana katika Kiswahili. Habari atakayoipokea mama yule itakuwa sentensi ya Kiswahili yenye kitenzi, na kitenzi hicho kitabeba wakati au hali fulani. Nitajaribu kuonyesha kwamba katika jambo hili uadilifu na sarufi havitengani.

Kwanza tuufahamu ugonjwa wenyewe. Saratani za jamii hii huitwa sakoma. Huanza katika mifupa, misuli, mafuta na nyama nyingine zinazouunganisha mwili. Kwa watoto, ni kiasi cha moja katika kila saratani kumi. Osteosakoma huwapata zaidi vijana walio katika umri wa kurefuka, na mara nyingi huanza karibu na goti. Rabdomiosakoma hufanana na misuli ambayo haijakomaa, nayo huwapata hata watoto wadogo sana. Sakoma ya Ewing ilipewa jina la daktari wa Marekani, James Ewing, aliyeieleza mwaka 1921. Huanza katika mfupa au kando yake, na huwapata zaidi watoto wenye asili ya Ulaya. Kwa wenye asili ya Afrika ni nadra.

Nitaanza na hiyo ya Ewing, kwa kuwa historia ya alama yake ina mafunzo mengi. Mwaka 1983 watafiti nchini Ufaransa walieleza kwamba katika chembe hai, yaani seli, za uvimbe huo, kipande cha kromosomu ya 11 na kipande cha kromosomu ya 22 vimebadilishana mahali. Mwaka 1992 Olivier Delattre na wenzake mjini Paris walionyesha jeni mbili zilizounganishwa na mabadilishano hayo, ambazo sasa huitwa EWSR1 na FLI1. Mfano wake ni fundi wa kujalidi vitabu aliyekata vitabu viwili katikati, akaigandisha nusu ya kimoja na nusu ya kingine. Kitabu kipya kinasomeka, lakini kina amri ambazo hakuna mwandishi aliyezikusudia, na seli huzitii. Yafaa isisitizwe kwamba kosa hili halirithiwi. Hutokea katika seli ya mtoto mwenyewe wakati wa uhai wake. Hakuna mzazi aliyemrithisha, wala jirani aliyemloga.

Baadaye iligunduliwa kwamba mahali hasa pa muungano hapafanani kwa wagonjwa wote. Katika miaka ya 1990, taarifa kadhaa zilisema kwamba wagonjwa wenye muungano wa aina ya kwanza huishi zaidi kuliko wenye aina nyingine. Mzazi aliyeambiwa mwaka 1998 kwamba mwanawe hana ile aina njema alirudi nyumbani na mzigo mzito. Lakini mwaka 2010 tafiti mbili, moja ya Marekani Kaskazini na nyingine ya Ulaya, ziliwafuata wagonjwa waliotibiwa kwa mipango mipya ya tiba, zisiione tena tofauti ile. Watafiti wa Marekani walieleza kwamba matibabu makali zaidi ndiyo yaliyoifuta. Uvimbe ulikuwa ule ule na jeni zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni kazi ya mikono ya binadamu.

Hata hivyo, tusikimbilie kusema kwamba alama zote ni za kupita. Rabdomiosakoma zenye muungano wa jeni ya PAX3 au PAX7 na jeni ya FOXO1 huwa na matokeo mabaya kuliko zisizo na muungano huo. Mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba uvimbe unaoonekana mkali chini ya hadubini, lakini usio na muungano, huenda sawasawa na ule wa aina nyepesi. Hapo jeni ilisema kweli kuliko jicho. Hali kadhalika, mwaka 2014 ilielezwa kwamba wagonjwa wa sakoma ya Ewing ambao uvimbe wao una kasoro za jeni mbili pamoja, STAG2 na TP53, huwa na hali mbaya zaidi. Basi wingu ni wingu kweli. Anayelidharau hakosei kidogo kuliko anayeliogopa.

Sasa tuingie darasani, tuandike sentensi tatu ubaoni.

Ya kwanza: Watoto wenye uvimbe wa aina hii hufa.
Ya pili: Mtoto huyu atakufa.
Ya tatu: Watoto wenye uvimbe wa aina hii, wakitibiwa kwa njia hii, wengi hupona na baadhi hufa.

Wanafunzi wetu hujifunza mapema kwamba kiambishi HU hakichukui kiambishi cha nafsi. Ukisikia neno "hufa" peke yake, huwezi kujua kama anayesemwa ni mimi, wewe au wale. Wala hakitaji saa. HU husema desturi ya mambo, na ndiyo sababu methali zetu nyingi hukipenda: haba na haba hujaza kibaba, bandu bandu huisha gogo. Lakini TA haiwezi kusimama bila nafsi. Tukisema "atakufa", lazima awepo mmoja aliyenyooshewa kidole, na lazima iwepo siku inayomngoja.

Utafiti wote wa alama za jeni husema kwa HU. Huwakusanya watoto mia, au mia tano, ukahesabu waliopona na waliofariki, ukatoa desturi ya kundi. Lakini sikio la mzazi hupokea TA, na mara nyingine ulimi wa mganga huisema. Mantiki haina daraja la kuvuka kutoka sentensi ya kwanza hadi ya pili. Katika hospitali zenye vifaa vyote, takriban watoto 70 katika kila 100 wenye sakoma ya Ewing isiyosambaa huishi miaka mitano au zaidi. Takwimu hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, katika mia hao hakuna hata mmoja aliyepona kwa asilimia 70. Kila mmoja ana njia yake moja tu, na alama haituonyeshi njia hiyo. Hutuonyesha msafara ambao yeye ni mmoja wao.

Sitaki nieleweke kwamba tatizo hili ni la madaktari peke yao. Lugha yetu yenyewe ina maneno mengi ya kusema habari za kesho, na kila moja lina mwelekeo wake. Kutabiri kumetokana na neno la Kiarabu linalohusu kufasiri ndoto. Kubashiri, kwa asili yake, kunahusu kuleta habari njema. Kukadiria kuna asili ya kupima, na inafaa tuone kwamba shina lake ndilo pia limetupa neno kadari. Lakini matumizi ya maneno haya mawili yametengana: kadari ni kipimo cha Mwenyezi Mungu, makadirio ni kipimo cha binadamu mwenye mizani ndogo. Nadhani neno linalofaa kwa habari ya alama za jeni ni makadirio. Daktari anayekadiria husema kweli na hubaki mahali pake. Anayetoa makadirio kana kwamba ni kadari amekaa katika kiti kisichokuwa chake.

Lipo neno la nne, nalo ni kuagua. Kamusi zetu hulipa maana mbili: kutabiri yatakayotokea, na kumtibu mgonjwa. Wako wanaoona kwamba mchanganyiko huo ni alama ya ujinga wa kale. Mimi naona kwamba ndani yake mna sheria ya maadili. Waliolitumia neno hilo hawakumtenga mtu anayesema mwisho wa ugonjwa na mtu anayeushughulikia. Aliyeona alitakiwa kutenda. Kwa kipimo hicho, tutazame hoja zinazoweza kuletwa kupinga ninayoyasema.

Hoja ya kwanza ni ya wale wanaosema kwamba makadirio mabaya yafichwe. Katika jamii zetu nyingi ni desturi kutomwambia mgonjwa uzito wa ugonjwa wake, sembuse mtoto. Desturi hiyo haikutokana na woga mtupu. Inajua kwamba maneno yana nguvu, na kwamba mtu aliyekata tamaa huacha kula na huacha dawa. Lakini mtoto wa miaka kumi huona nyuso za wazazi wake, akasikia sauti zikishuka anapoingia chumbani, akaelewa kwamba kuna jambo. Akifichwa, hubaki na hofu yake peke yake, bila mtu wa kumwuliza. Aidha, mzazi asiyeambiwa hawezi kuamua. Hawezi kuchagua kama auze shamba, kama akubali mwanawe akatwe mguu, kama amrudishe nyumbani akae na bibi yake. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi, kilio humfichua. Kwa hiyo yatakiwa ukweli usemwe, kwa hatua na kwa upole, kwa kadiri ya umri na uwezo wa anayeusikia, lakini usemwe.

Hoja ya pili inatoka upande wa pili. Ikiwa alama husema habari za kundi tu, ina faida gani kwa mtoto mmoja? Faida yake ni katika kuchagua tiba. Dawa za saratani ni kali. Nyingine zaweza kuudhoofisha moyo kwa maisha yote, nyingine zaweza kuondoa uwezo wa kuzaa, na mionzi huzuia mfupa wa mtoto kukua. Mtoto mwenye rabdomiosakoma isiyo na ule muungano wa jeni aweza, mambo mengine yakiwa mazuri, kupunguziwa makali ya tiba. Mwenye muungano huhitaji tiba nzito zaidi. Hapa alama imetumika ipasavyo, kwa kuwa imejibu swali la "tufanye nini?" Swali la "ataishi?" haliwezi, na halikuwahi kudai kwamba laweza.

Kesi ngumu kuliko zote ni ya mtoto ambaye bado hajaugua. Mwaka 1969 madaktari wawili wa Marekani, Frederick Li na Joseph Fraumeni, walieleza familia nne ambamo watoto walipata sakoma na jamaa zao wakapata saratani ya matiti na nyinginezo wangali vijana. Mwaka 1990 ilijulikana kwamba chanzo katika familia za namna hiyo ni kasoro ya jeni ya TP53, ambayo kazi yake ni kuizuia seli iliyoharibika isiendelee kugawanyika. Kasoro hii, tofauti na ile ya Ewing, huweza kurithiwa, na kila mtoto wa mzazi aliye nayo ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuipata. Basi kaka mgonjwa akipimwa akakutwa nayo, dada yake anayecheza uani naye ameguswa na habari hiyo. Je, apimwe?

Mwaka 2016 watafiti wa Toronto na wenzao wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuata watu wenye kasoro hiyo kwa miaka 11. Miongoni mwa waliokuwa wakichunguzwa mara kwa mara, takriban asilimia 89 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Miongoni mwa wasiochunguzwa, takriban asilimia 60. Watu hao walichagua wenyewe kuchunguzwa au kutochunguzwa, kwa hiyo takwimu hizi zisomwe kwa uangalifu, lakini zinatosha kutuonyesha jambo moja. Palipo na mashine, madaktari na nauli ya kwenda hospitali kila baada ya miezi michache, kumpima dada yule ni kumpa ngao. Pasipo na vitu hivyo, ni kumpa hofu bila ngao. Elimu ni ile ile, lakini tendo la kuitoa si lile lile. Ndiyo maana nasema kwamba haki ya kutabiri haitokani na kujua peke yake. Anayetaka kuniambia habari ya wingu, na awe tayari kunisaidia kuezeka.

Hapo tunafika kwenye hatari ya mwisho, na kwa sisi wa nchi hizi ndiyo kubwa kuliko zote. Nimeisifu HU kwa sababu haimnyooshei mtu kidole. Lakini HU nayo yaweza kudanganya. Kwa kuwa haitaji saa wala sababu, kila inachosema huonekana kuwa maumbile ya dunia, kama mto hutelemka na jua huchwa. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alichapisha makala juu ya uvimbe wa mataya ya watoto wa Afrika, akauita sakoma. Baadaye ilibainika kwamba ni saratani ya limfu, nayo ikapewa jina lake. Kabla ya hapo ungeweza kusema "watoto hawa hufa", na ungekuwa mkweli, maana walikuwa wakifa katika muda wa miezi michache. Katika miaka ya 1960 dawa zilijaribiwa pale pale Kampala, na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo cha kuwatibu, ambacho ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Sentensi iliyoonekana kuwa ya milele haikudumu hata miaka kumi.

Leo Shirika la Afya Duniani latuambia kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi maskini ni chini ya asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wenye lengo la kufikisha angalau asilimia 60 duniani kote ifikapo mwaka 2030. Hakuna alama ya jeni inayoeleza pengo la 80 na 30. Linaelezwa na uvimbe wa goti uliokandwa miezi sita kabla ya kupigwa picha, dawa zilizokwisha, nauli iliyokosekana, na tiba iliyoachwa njiani. Tukisema "watoto wenye osteosakoma hufa" tukanyamaza hapo, tumeugeuza umaskini kuwa maumbile, na tumewasamehe wote waliopaswa kutenda, tukiwemo sisi.

Kwa hiyo turudi kwenye sentensi ya tatu ubaoni. Uzito wake wote umo katika KI ya "wakitibiwa", ambayo ni silabi moja tu. Kila makadirio ya ugonjwa yana KI yake, hata isipotamkwa: wakitibiwa hivi, wakiletwa mapema, wakipata dawa hadi mwisho. Daktari mwadilifu huitamka. Mzazi mwenye haki huiuliza. Na taifa huhukumiwa kwa kiasi inavyoitimiza.

Ndugu walimu, wauguzi na madaktari wa kesho wamo madarasani mwetu leo, wakiona kwamba somo la viambishi ni adhabu ya kabla ya chakula cha mchana. Tuwafundishe kwa mifano iliyo na uzito. Siku moja mmoja wao atakaa mbele ya mama mwenye karatasi ya maabara mkononi, na mama huyo atauliza, "Mwanangu atapona?" Swali litakuwa limeulizwa kwa TA, wala hatuwezi kumlaumu, maana mama hazai kundi. Mwanafunzi wetu atahitaji kujua kwamba hana TA ya kumrudishia. Anaweza kumpa HU iliyo ya kweli, pamoja na KI yake, na kisha aeleze ni sehemu gani ya KI hiyo ataibeba yeye mwenyewe kuanzia asubuhi ile.